Glezi ya risasi kwenye bakuli za kulia: tuitumie au tuiwache?

MfinyanziWete

Assalaam alaykum wana ufinyanzi. Nnaomba rai ya wanaoijua glezi, ile ngozi ya kioo juu ya chombo, hasa ya madini ya risasi, kabla hatujatoa fedha.

Sisi ni kikundi, tuko Pemba. Udongo wetu ni mwekundu, wa bondeni. Tanuri ni la umeme, nyaya zake zishachoka, kwa hivyo hatulipandishi zaidi ya 1,060 °C. Mpaka sasa tunafinyanga vyungu, mitungi na vyetezo, vyote bila ya glezi. Hoteli moja ya Unguja imeagiza bakuli 200 za supu na urojo, zenye ngozi ya kioo ndani na nje, kijani cha bahari, zing'are.

Tumeletewa rai tatu. Ya kwanza ni friti (kioo kilichoyeyushwa kikasagwa unga) nyeupe, mfuko wa kilo 25, umeandikwa bisilikati ya risasi, na muuzaji anasema haina neno kwa sababu risasi yake "imeshafungwa". Ya pili ni poda ya rangi ya chungwa iliyoiva, rahisi mno, ile ya rangi za kuzuia kutu kwenye vyombo vya bahari. Ya tatu ni ya fundi mmoja: tuyeyushe mabamba ya betri za gari au chubwi za nyavu, lile povu la juu tulisage tuchanganye na mchanga mweupe, tumalize kazi kwa bei ya makaa.

Masuali yangu: ikishachomwa ikawa kioo, risasi inatoka bado? Kijani cha shaba kinafaa? Tunaweza kujipimia wenyewe? Na kama yote hayafai, kwa 1,060 tutumie nini?

GleziNaMoto

Waalaykum salaam. Nianze na rai ya tatu, kwa sababu hiyo ndiyo ya kuzikwa nayo.

Bamba la betri si risasi tupu. Mna risasi, oksaidi zake na salfeti ya risasi, na vyote vimerowa asidi ya salfyuriki. Risasi inayeyuka kwa nyuzi 327 tu, moto wa makaa unaifikisha hapo bila ya taabu, ndiyo maana watu wanaiona kazi ya uani. Kinachodhuru zaidi ni vumbi la kuponda na lile povu, ambalo ni oksaidi laini kama unga. Linakaa kwenye kanga, kwenye mkeka, kwenye mikono ya mtoto anayetambaa. Thiaroye, pembeni mwa Dakar, watoto 18 walikufa baina ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 kwa vumbi la betri zilizovunjwa mtaani. Na kwa jirani zetu Mombasa, watu wa Owino Uhuru walikwenda mahkamani kwa sababu ya kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa ubavuni mwa nyumba zao, na 2020 wakahukumiwa kulipwa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Na hata ukiiweka afya kando, glezi yenyewe haitoki: salfeti ikipata moto inatoa gesi, gesi inakwama ndani ya kioo, unapata malengelenge na vitundu.

Poda ya chungwa ni risasi nyekundu, Pb₃O₄. Hiyo ni risasi mbichi. Iingie tumboni, asidi ya tumbo inaitoa risasi yake na damu inaichukua. Wafinyanzi wa Staffordshire huko Uingereza walikuwa wakipooza viganja na kushikwa na msokoto wa tumbo kwa kutumbukiza vyombo kwenye ndoo za glezi ya namna hii, na kanuni za 1947 zikaipiga marufuku viwandani. Irudisheni dukani imefungwa vivyo hivyo.

Inabaki bisilikati, na hapa ndipo muuzaji anapochanganya mambo mawili. Kwa uzito ni kama 65% oksaidi ya risasi na 35% silika (asili ya mchanga mweupe), na mara nyingi alumina (oksaidi ya alumini) kidogo, vimeyeyushwa pamoja, vikapozwa, vikasagwa. Faida yake ni kwa anayefinyanga: vumbi lake haliyeyuki kwa wepesi tumboni kama risasi mbichi. Kwa anayekula haitoi dhamana yoyote. Ukiitia kwenye ndoo ukaichanganya na vitu vyengine ukaichoma, umetengeneza kioo kipya, na hicho kioo kipya ndicho kitakachoshika risasi au kuiachia.

Naam, ikiwa kioo inatoka bado. Asidi ya ndimu, ukwaju, embe mbichi au mbirimbi inaleta haidrojeni, haidrojeni inaingia kwenye kioo na risasi inatoka kuchukua nafasi ndani ya mchuzi. Kasi yake inategemea kuna silika na alumina kiasi gani za kuibana risasi, glezi imeiva au imebakia nusu, chakula kimekaa muda gani na kina moto kiasi gani. Urojo una yote: mchachu, wa moto, na unakaa ndani ya bakuli mtu akizungumza na wenziwe.

Shaba sasa. Hapa usijaribu hata kigae kimoja. Glezi ya risasi iliyopimwa na kufaulu, ukiitia oksaidi ya shaba 2% tu ili ipate kijani, inaweza kuachia risasi mara nyingi zaidi na kufeli vibaya mno. Shaba inaulegeza muundo wa kioo. Rangi yenu ya kijani cha bahari ndiyo mchanganyiko mbaya kuliko wote kwa risasi.

Kumbukeni pia tanuri. Oksaidi ya risasi inaanza kupaa kama moshi usioonekana kabla hamjafika hiyo 1,060, na jinsi mnavyopandisha ndivyo inavyozidi. Inaingia kwenye matofali na mabamba ya kupangia vyombo, khalafu inarudi juu ya vyombo vya uchomaji unaofuata, hata kama hivyo havina risasi. Mkichoma risasi mara moja, tanuri si safi tena.

Mbadala nitauandika chini, ni mrefu.

BabuTanuri

GleziNaMoto unawatisha bure. Bisilikati imetumika Ulaya miaka na miaka kwenye vyombo vya mezani. Ikichomwa barabara, na silika ikitosha, inafaulu vipimo. Na risasi ina mambo ambayo boroni, ile ya glezi zisizo na risasi, haina: inatandaa, inaziba vitundu vyake wenyewe, haikasiriki ukikosea nyuzi 20 au 30, na ule mng'ao wake wa mafuta hakuna unaoufanana. Mwanafunzi akianza na boroni atakata tamaa.

GleziNaMoto

Babu, kwa sifa za risasi sina ubishi nawe. Inaupinda mwanga zaidi, mvutano wa uso wa kioo chake ni mdogo, ndiyo maana inang'aa na kutandaa. Viwanda vya Ulaya vilifanikiwa kwa sababu vilikuwa na maabara ndani, tanuri la aina moja kila siku, na glezi ileile mwaka mzima. Kikundi cha Pemba kina udongo unaobadilika kila shimo, nyaya zilizochoka, na umeme unaoweza kukatika ukiwa kwenye 980. Umeme ukikatika hapo, glezi ya boroni inakuwa mbaya kwa macho: imefifia, ina mchanga mchanga, unaiona na unairudisha motoni. Glezi ya risasi kwenye 980 huenda ikang'aa kama imeiva, na ndani risasi haijashikana na silika ipasavyo. Nani ataijua kwa macho?

Mexico wanatumia oksaidi ya risasi vijijini wakichoma kwa kuni chini ya nyuzi 900, na vyungu vyao vinang'aa vizuri kabisa. Ndivyo vinavyowapa watu risasi kwenye damu mpaka leo.

MizaniNdogo

Naingilia upande wa vipimo, maana ndipo watu wanapojidanganya zaidi.

Mtu akikwambia "glezi hii ina risasi kiasi fulani", hiyo ni habari nyengine na "glezi hii inatoa risasi kiasi fulani". Mashine ya miale ya eksi inasoma risasi iliyomo. Mlaji anadhurika na inayotoka. Kipimo cha inayotoka ndicho kinachotambuliwa, kile cha kimataifa cha ISO 6486: asidi asetiki 4%, saa 24, nyuzi 22 kasoro au zaidi 2, chombo kimejazwa mpaka karibu ya ukingo, kimefunikwa na kuwekwa gizani (giza ni kwa ajili ya kadmiamu, metali nyengine ya sumu inayopimwa pamoja). Baada ya hapo maji yale yanasomwa kwa mashine ya kufyonza mwanga wa atomu au nyengine kubwa zaidi ya hiyo.

Viwango vya ISO kwa risasi: sahani bapa miligramu 0.8 kwa desimita mraba. Bakuli ndogo miligramu 2 kwa lita, bakuli kubwa 1, vikombe 0.5, vyombo vya kupikia 0.5.

Sasa piga hesabu wewe. Bakuli ya mililita 300 inayotoa miligramu 2 kwa lita imefaulu ISO. Imetoa mikrogramu 600 kwa mara ile moja. Marekani, mamlaka yao ya chakula inatumia mikrogramu 2.2 kwa siku kama alama ya kuangalia kwa mtoto, na 8.8 kwa mwanamke wa umri wa kuzaa. Ni kweli kipimo kinatumia asidi kali kuliko supu, na mara ya kwanza ndiyo inayotoa zaidi kuliko zinazofuata. Hata hivyo 600 na 2.2 haviko kijiji kimoja. Kwa hivyo "kufaulu" si jambo la kujivunia kwa chombo cha chakula. Lengo ni maabara ikwambie haikuona kitu. Shirika la Afya Duniani linasema wazi hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Na ile 22 ya maabara ni chumba chenye kiyoyozi. Huku kwetu achari inakaa kwenye 30, wiki nzima.

Vipimo vya nyumbani:

Kile kijiti cha rodizonati kinachogeuka pinki au wekundu kikigusa risasi ni kizuri kukamata vumbi la mezani na rangi za kuta. Kwenye glezi kikigeuka wekundu, kweli ipo. Kisipogeuka, hujajua lolote, kwa sababu risasi iliyoshikwa na kioo haikifikii kwa sekunde 30 za kusugua.

Kipande cha ndimu au siki: weka juu ya glezi siku 3, osha, tizama chini ya mwanga wa upande. Pakififia, pakibadilika rangi au pakikwaruza ukigusa kwa kucha, glezi hiyo ni dhaifu na isiguse chakula, iwe na risasi au isiwe nayo. Pasipobadilika haina maana ya kuwa risasi haitoki. Jicho halioni miligramu.

Mnaweza kurahisisha kazi kwa kuchuja vigae vyenu wenyewe kwanza. Siki nyeupe ya dukani iliyoandikwa 5%: chukua mililita 800, ongeza maji 200, umepata 4%. Tumbukiza kigae nusu yake, saa 24. Kinachoonesha mstari baina ya nusu iliyozama na iliyobaki, kitupe. Vilivyobaki ndivyo vya kulipia maabara.

Mkipeleka, tokeni na vyombo vizima visivyopungua 4 vya glezi moja na uchomaji mmoja, vimeoshwa, havijawahi kutumika. Kwenye barua andikeni "kutoka kwa risasi na kadmiamu katika asidi asetiki 4%, saa 24". Mkiandika "kupima risasi" peke yake mtarudishiwa namba msiyoweza kuitumia. Pa kuanzia ni Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali Zanzibar au Taasisi ya Viwango Zanzibar, na ng'ambo kuna Shirika la Viwango Tanzania (TBS), Dar es Salaam.

Jahazi77

Moja dogo tu. Naona watu wa rangi wanachanganya. Redoksaidi ya sakafu, ule wekundu wa kupaka barazani, ni oksaidi ya chuma. Hiyo haina risasi kwa asili yake na wafinyanzi wanaitumia kupata kahawia. Poda ya risasi ina wekundu wa chungwa, na uzito wake unakushtua: kopo la risasi nyekundu ukilinyanyua unadhani limejaa misumari. Ila usimwamini muuzaji kwa rangi, na usiionje, na usiipime kwa kidole. Mfuko usio na jina la kiwanda na jina la dutu msiununue, awe nani aliyeuleta.

Na chubwi ziacheni kwenye nyavu.

MfinyanziWete

Ahsanteni, tumeelewa, poda tunairudisha. Mnisaidie na haya: tanuri hili lilikuwa la watu wengine kabla yetu, hatujui walichoma nini. Vyetezo je, haviliwi ndani yake, glezi ya risasi si inafaa? Na bibi mmoja wa kikundi ana bakuli za kale za maua, za Ulaya, anatia achari ya embe. Khalafu huo mbadala, GleziNaMoto, usituache njiani.

GleziNaMoto

Haya, mbadala.

Kwa 1,060, kinachofanya kazi ya risasi ni boroni, na njia nyepesi ni friti ya boroni isiyo na risasi. Mfano wa kuanzia unaojulikana na wengi ni friti ya Ferro namba 3195 sehemu 85 na kaolini (udongo mweupe) sehemu 15. Ni glezi angavu, ya koni 04 (koni ni kijiti cha kauri kinachopinda tanurini moto ukitosha). Kaolini ya Pugu inaweza kuingia hapo, lakini ichomeni kigae kwanza, maana kaolini ya mgodi si sawa na ya kiwandani. Mkipata friti nyengine ya boroni, someni karatasi yake ya kemia: itoe boroni, alumina na silika, na mstari wa risasi usome sifuri.

Vipimo: kavu kilo 1 (friti gramu 850, kaolini gramu 150), maji mililita 850 kwanza, acha ilale usiku mmoja, asubuhi chekecha kwa chekecho la 80 (matundu 80 kwa inchi), ongeza maji kidogo kidogo mpaka mililita 100 za uji zipime gramu 145. Huo ndio uzito wa kutumbukiza. Ikipima 150 itakuwa nene na itapata ukungu wa maziwa, ikipima 138 chombo kitatoka na vipara. Maji ya kisima chenye chumvi msitumie. Chumvi inaugandisha uji ukawa kama mtindi, mtaongeza maji mkidhani ni mzito, kumbe mnaukonda. Tumieni maji ya mvua.

Bakuli ya upana wa sentimita 15 ndani na nje inakula kama gramu 50 za kavu. Kwa 200 ni kilo 10, lakini changanyeni 13, kwa sababu ndoo ikipungua hamtaweza kutumbukiza.

Chombo cha uchomaji wa kwanza, futa vumbi kwa sponji lenye maji, kitako kipakwe nta au kisiguswe na glezi kabisa, kisha tumbukiza kwa hesabu ya mbili au tatu. Unene wa kadi ya simu unatosha.

Kijani: kioo angavu juu ya udongo mwekundu kitakupa kahawia ya asali. Ukitia kijani humo unapata tope. Lazima ipoteze uangavu kwanza: zirikoni silikati 8 hadi 10 juu ya kila 100, khalafu rangi ya kauri iliyochomwa tayari kiwandani, ya kijani au feruzi, 4 hadi 6. Hapo ndipo mtapata kile kijani cha maji ya kina kidogo. Rangi hizo pia ziwe na karatasi ya kueleza kilichomo, na nyekundu na njano ziepukeni, ndizo zenye kadmiamu mara nyingi. Mkitaka shaba, kaboneti ya shaba 2 inakubali kwenye glezi ya boroni, lakini iwe nje ya bakuli tu, mkiacha sentimita 2 za ukingo. Ndani iwe ile nyeupe isiyo na shaba. Shaba nayo inatoka kwa asidi, ingawa si risasi.

Uchomaji: wa kwanza pandisha 80 kwa saa mpaka 600, kwa sababu pale 573 kwatsi inajigeuza na chombo kinapasuka kikiharakishwa, khalafu 150 kwa saa mpaka 1,060, simama dakika 15. Wa glezi 150 kwa saa mpaka 1,040 hadi 1,060, simama dakika 15 hadi 20. Kila safari weka koni 04 kwenye rafu ya juu na ya chini, mbele ya tundu la kuchungulia. Namba ya kwenye saa ya tanuri lenye nyaya zilizochoka ni maneno tu, koni ikipinda ndiyo imesema kweli. Umeme ukikatika njiani, koni haikupinda: rudia kutoka mwanzo, usikisie.

Makosa mtakayoyaona: ukungu wa buluu ni boroni ikijitenga, punguza unene na usiache tanuri lipoe polepole mno baina ya 1,000 na 800. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui baada ya wiki moja ni glezi inayobanwa vibaya na udongo, ongeza silika 5 na pandisha uchomaji wa kwanza mpaka mwisho wa uwezo wa tanuri. Kwenye bakuli ya chakula nyufa hizo si pambo, supu inapita na kuozea ndani ya udongo.

BabuTanuri

Mimi nitaongeza kwenye ukungu wa buluu: kwenye udongo mwekundu hauponi kwa unene peke yake, jaribuni kupandisha kaolini kutoka 15 mpaka 18. Na mkiniuliza, bado risasi ilikuwa nzuri zaidi. Lakini kwa urojo, hapana, hapo nakubali.

BiVyungu

Jamani hakuna aliyetaja chokaa. Udongo wa mabonde yetu umechanganyika na vijiwe vya matumbawe. Kijiwe cha ukubwa wa punje ya mtama kikichomwa kinakuwa chokaa hai, kinakunywa unyevu wa hewa, kinavimba, na wiki mbili baadae glezi inaruka kama gamba, panabaki shimo lenye doa jeupe chini. Watu wanailaumu glezi. Rojoeni udongo uwe kama uji, pitisheni kwenye chekecho la 40, na mara mbili mwageni maji ya juu ili chumvi ipungue. Baada ya hapo ndiyo muanze kuzungumza habari za friti.

Na mwambieni huyo wa hoteli kuwa chungu cha kusugua kwa kokoto, kisicho na glezi kabisa, nacho kinauzwa. Kikipikwa mara ya kwanza uji mzito wa mchele au kikakaangiwa tui, vitundu vinajiziba. Halina risasi hilo wala hesabu.

MizaniNdogo

Kwa masuali matatu ya Wete.

Tanuri la urithi: finyangeni vigae 3 na bakuli 2, glezi yenu ya boroni, zichomeni zikiwa peke yake, na hizo bakuli mbili zipelekwe maabara kabla ya oda. Maabara ikiona risasi kwenye glezi isiyo na risasi, jibu mnalo. Mabamba mnaweza kubadilisha, au kuyakwaruza yakiwa yamerowa na kupaka upya mchanganyiko wa alumina na kaolini nusu kwa nusu. Matofali yaliyokunywa risasi hayasafishiki. Tanuri la hivyo libaki la matofali ya mapambo na vitu visivyoliwa. Kusafisha ni kwa kitambaa cha maji, si ufagio, na barakoa iwe ya chujio la vumbi laini, si ya kitambaa. Mwenye mimba asikaribie, risasi inavuka kwenda kwa mtoto. Na maji ya kuoshea msimwage uani: kisima chetu sote kinakunywa kupitia jiwe la matumbawe lenye matundu, chujio hakuna hapo.

Chetezo: ndani yake pana makaa mekundu, na kioo cha risasi kinalainika kwa moto mdogo kuliko huo. Ndani ya chetezo musitie glezi ya aina yoyote, itapasuka. Nje tumieni hiyohiyo ya boroni. Hoja ya "haliwi ndani yake" inakufa siku mtoto atakapotilia karanga. Chombo cha pambo mnachotaka kisiliwe, kitobolewe kitako kabla ya kuchomwa.

Bakuli za bibi: kama ni zile za karne ya 19 zilizokuja kwa wingi kutoka Maastricht, Uholanzi, na viwanda vya Uingereza, glezi za zama zile kwa kawaida zilikuwa za risasi, na maua yaliyopakwa juu ya glezi yamechomwa kwa moto mdogo, kama 700 hadi 850, kwa hivyo yanaachia zaidi kuliko glezi ya chini yake. Unajua yako juu ukipitisha kucha na kuhisi mwinuko. Bakuli hizo ni mali, azipange kabatini. Achari aitie kwenye chupa ya kioo. Mwaka 1970 madaktari wa Montreal waliandika habari za mtoto wa miaka 2 aliyekufa kwa juisi ya tufaha iliyowekwa kwenye jagi la udongo lenye glezi, na tufaha haina uchachu wa embe mbichi. Kama familia imekula achari hiyo muda mrefu, wapimwe damu, ya mshipa si ya kidole, waanze na watoto na mwenye mimba. Wala wasingoje dalili: kwa mtoto risasi inaharibu akili kabla tumbo halijauma.

Na mkiwa hapohapo mumuulize kuhusu wanja wa hao watoto. Wanja mwingi wa manga unaouzwa ni salfaidi ya risasi iliyosagwa, jiwe lilelile ambalo wafinyanzi wa kale walilisaga kufanya glezi.

MfinyanziWete

Tumezungumza na bibi, achari ishahamia kwenye chupa. Friti ya 3195 tumeambiwa inapatikana Nairobi kwa mfuko. MizaniNdogo, zile bakuli mbili za kupima tanuri, ziwe na zirikoni na rangi ya kijani au angavu tupu?

MizaniNdogo

Angavu tupu kwanza. Mkitia rangi na kipimo kikaonesha kitu, hamtajua ni tanuri au ni rangi. Zikitoka safi, ndipo mchome nyengine nne za kijani mzipeleke kwa ajili ya hoteli. Na andikeni kwa penseli ya oksaidi chini ya kila moja namba ya uchomaji na rafu iliyokaa, la sivyo mtaletewa karatasi ya majibu na hamtajua bakuli ipi ni ipi.